Kopo la Mbegu na Sahani ya Mtoto

Siku tuliyomzika baba, watu walikuwa wengi mpaka mikeka haikutosha. Walikuja wa zoni yetu na wa zoni za mbali, Wakongo na Warundi, wazee tuliofika nao hapa Nyarugusu mwaka 1996 na vijana ambao hata sikujua walimfahamia wapi. Kila aliyesimama alisema jambo lile lile kwa maneno yake: mzee huyu alikuwa mkulima, na alikuwa mtu wa watu. Mmoja alikumbuka miche ya lengalenga aliyopewa mwaka alioingia kambini. Mwingine alisema aliamka asubuhi akakuta vijiti vya mihogo mlangoni, na mpaka leo asingejua ni vya nani kama watoto wasingemwambia. Mimi nilikaa pale machozi yananitoka, lakini ndani nilikuwa na fahari. Nilijiambia: kama kuna urithi, basi huu ndio urithi.

Usiku, watu walipopungua, nikamsogelea mama. Nikamuuliza, "Mama, umesikia walivyomsifu?"

Akakaa kimya kidogo, halafu akasema, "Nimesikia. Wamesema kweli tupu. Ila wale hawakuwa ndani ya nyumba."

Hakuongeza neno. Na mimi sikuuliza tena, maana nilijua anasema nini. Maneno hayo nimeyabeba miezi mingi, na leo ninayaleta kwenu wasomaji wa jarida hili, nyinyi mnaoishi hapa na nyinyi mnaokuja hapa kufanya kazi, kwa sababu nadhani swali lililo ndani yake si la nyumba yetu peke yake. Swali lenyewe ni hili: mtu anapotoa kwa ajili ya jamii, anatoa cha nani?

*

Sisi ni watu wa Fizi, Kivu ya Kusini. Kijiji chetu kilikuwa kati ya Mboko na Baraka, mahali ambapo milima inashuka karibu kabisa na ziwa Tanganyika, kwa hiyo shamba moja linaweza kuwa na miguu majini na kichwa mlimani. Chini tulikuwa na michikichi, juu kidogo mihogo, na juu zaidi maharage na mahindi. Baba hakuwa mvuvi. Samaki tuliokula, ndagala na mikebuka, tulinunua kwa pesa ya maharage. Naomba mkumbuke jambo hilo, maana ndiko hadithi inakokwenda. Kwetu maharage yalikuwa chakula, na tena yalikuwa mlango wa samaki.

Kila mwaka baba alitenga madebe mawili ya maharage ya mbegu. Aliyachambua mwenyewe, punje kwa punje, akayachanganya na majivu ili fukusi wasiyatoboe, akayafunika na kuyaweka juu ya dari ya jiko, ambako moshi unapita. Mbegu haikuguswa. Hata tukilala na mihogo mikavu, mbegu haikuguswa. Mkulima yeyote anayesoma hapa anajua sheria hiyo: anayekula mbegu anakula mwaka unaofuata.

Februari ya mwaka 1994, nikiwa na miaka tisa, mto wetu ulifurika usiku. Ulipita kwenye nyumba nne zilizokuwa karibu na maji, ukachukua kuku, sufuria, na kila kilichokuwa kimewekwa kwa ajili ya kupanda. Nyumba tatu zilikuwa za watu wa kijiji. Ya nne ilikuwa ya mama mmoja Mrundi na watoto wake, aliyekuwa ameingia kupitia Uvira miezi michache kabla, baada ya Rais Ndadaye kuuawa Oktoba 1993 na watu kuanza kukimbia. Alikuwa amepewa mahali pa kulala na kipande cha ardhi cha kuanzia. Hata hajapanda, maji yakaja.

Baba alikwenda kuwaona asubuhi. Aliporudi hakukaa. Alipanda kwenye dari, akashusha debe moja, akachukua kopo.

Mama akamuuliza, "Unaipeleka wapi?"

"Kwa bale ba mtoni. Mvua haitabangoja."

"Na hawa batoto?"

"Sisi tuna mihogo."

Akatoka. Kopo kwa kopo, akaligawa debe zima kwa zile nyumba nne. Kijiji kilimsifu sana. Mimi mwenyewe nilimfuata nyuma nikiwa nimeshika kopo, na sitasahau yule mama Mrundi alivyopokea kwa mikono miwili, akapiga goti. Nilijiona mtoto wa mtu mkubwa.

Sasa hesabu. Tulipanda nusu. Juni tukavuna nusu. Maharage yaliyozoea kutufikisha Oktoba yaliisha kabla ya Agosti, na hatukuwa na ya kuuza, kwa hiyo hakukuwa na ndagala. Mihogo ilikuwepo, kweli. Baba hakusema uongo. Lakini mihogo inashibisha tumbo tu, haijengi mwili wa mtoto. Mdogo wangu wa kike alikuwa na miaka miwili, ameachishwa ziwa si zamani. Kwanza akaacha kucheza. Halafu miguu ikaanza kuvimba, ukibonyeza kidole shimo linabaki. Nywele zikageuka rangi, zikawa nyekundu na nyepesi. Watu wazima waliona wakajua.

Alibebwa kwenye kipoyi mpaka kituo cha afya, mwendo wa nusu siku. Mama alilala naye huko wiki tatu. Mbuzi wetu mmoja aliuzwa. Mtoto akapona, namshukuru Mungu, na leo ni mama wa watoto wawili. Lakini usiku waliporudi, tukiwa tumezunguka moto, mama alimwangalia baba akasema sentensi moja ambayo sijawahi kuisahau:

"Mbegu ulitoa weye. Bei amelipa huyu mutoto."

Baba hakujibu. Alfajiri alikuwa ameshatoka kwenda shambani.

*

Ndugu zangu, ni rahisi kumhukumu baba, na ni rahisi pia kumtetea. Mimi nimefanya yote mawili kwa miaka mingi. Ngoja niseme kwanza utetezi, maana una nguvu.

Utetezi wa kwanza ni kwamba wema hurudi. Watu wanaupenda sana huu. Lakini mimi nilikuwepo, na hesabu ninayo. Kati ya nyumba nne, mbili zilirudisha mbegu baada ya mavuno, tena nzuri. Moja haikurudisha, na mwenyewe alianza kutukwepa njiani. Yule mama Mrundi aliondoka kabla hajavuna, na hatukujua alielekea wapi. Kwa hiyo wema ulirudi nusu. Na hata ungerudi wote, je, hilo lingejibu swali? Kama haki ya kutoa inategemea kurudishiwa, basi siyo kutoa, ni kukopesha. Na kama nyumba zote nne zisingerudisha, je, baba angekuwa mbaya kwa sababu ya ubaya wa wengine? Haiwezekani. Kipimo cha tendo lake lazima kiwe mahali pengine.

Utetezi wa pili ni mzito zaidi. Unasema: mtoto hana familia tu, ana kijiji. Mtoto wa mtu asiye na watu ni mtoto aliye hatarini hata kama sahani yake imejaa. Na hapa lazima niseme ukweli ambao unanisumbua. Siku mdogo wangu alipobebwa kwenye kipoyi, kati ya wanaume waliopokezana mabegani, mmoja alikuwa ni mtu wa zile nyumba za mtoni. Alibeba kwenye mwinuko mbaya kuliko wote, na hakukubali kupokelewa. Je, angebeba kama baba angelifunika debe lake na kukaa kimya? Labda. Watu wetu hawakatai kubeba mgonjwa. Lakini nilimwona uso. Alikuwa anabeba kama mtu anayelipa.

Kwa hiyo zile mbegu zilimfikisha mtoto kwenye ugonjwa, na tena zilikuwa mabegani mwa waliompeleka kwenye dawa. Fundo hilo sijalifungua lote.

Methali yetu inasema kutoa ni moyo, si utajiri. Ninaiamini. Lakini siku hizi naiuliza: moyo wa nani? Kama moyo ni wa baba na kitu ni cha baba, sawa. Kama moyo ni wa baba na tumbo ni la mtoto, je, bado ni kutoa? Maana mtoto hakutoa. Alinyang'anywa na mtu anayempenda. Na mama hakutoa. Aliyelala chini wiki tatu kwenye sakafu ya kituo cha afya ni yeye, na hakuna aliyekuja kumpigia goti.

Miaka mingi baadaye, tukiwa tayari hapa kambini, nilithubutu kumuuliza mama: kama baba angekuuliza siku ile, ungemkatalia? Nilidhani atasema ndiyo. Akacheka.

"Ningekatalia watu ambao nyumba yao imebebwa na maji? Ningetoa. Ila nisingetoa debe zima. Ningetoa makopo ya kuanzia. Na yule mama Mrundi ningemwambia alete batoto tupike pamoja, maana nilijua hakai. Macho yake yalikuwa njiani."

Halafu akaongeza: "Na nilijua yule mutoto wangu ameshaanza kulegea. Baba yako hakujua. Hakuwa akimbeba."

Hapo ndipo mimi nilipoelewa kitu. Nilikuwa nadhani kumuuliza mwenzako kabla ya kutoa ni adabu tu, ni heshima ya ndoa. Kumbe ni zaidi. Anayepika anajua mambo ambayo anayelima hajui. Baba alijua kilichokuwa kwenye dari. Mama alijua kilichokuwa kwenye mwili wa mtoto, kwenye mtungi, kwenye siku zilizobaki. Baba alipotoa bila kuuliza, alimnyima mama neno lake, na pia aligawa kitu ambacho hakukijua kipimo chake. Alidhani ana madebe mawili. Mama angemwambia ana debe moja na nusu, na mgonjwa.

*

Novemba 1996 sisi wenyewe tukawa watu ambao maji yamebeba nyumba yao, ila safari hii halikuwa maji, ilikuwa vita. Tulivuka ziwa usiku tukafika Kigoma, na kutoka Kigoma tukaletwa hapa Kasulu. Baba alifika na jembe lisilo na mpini. Mpini aliutupa ili jembe liingie kwenye mtumbwi.

Kuna methali nyingine mnayoijua wote: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Baba aliipenda methali hii, na kila alipoisikia alitabasamu, maana siku ya tatu ilipita, ikapita miaka, na jembe lake lilibaki kwenye kona. Sheria ya Wakimbizi ya Tanzania ya mwaka 1998 inataka mkimbizi awe na kibali ndipo atoke kwenye eneo alilopangiwa. Silaumu waliotupokea. Nchi hii ilitufungulia mlango wakati sisi tulikuwa hatuna mwingine, na wenyeji wa hapa nao wana watoto na mashamba ya kuwaza. Nasema tu jinsi ilivyokuwa kwa mkulima kukaa mahali ambapo chakula kinakuja na lori, na udongo mzuri unauona kwa macho ng'ambo ya njia.

Lakini kambi ilinifundisha kitu ambacho kijiji hakikunifundisha. Hapa tulipewa kadi ya mgao. Kwenye kadi imeandikwa familia ni watu wangapi, na mgao unapimwa kwa idadi hiyo: unga wa watu sita, dengu za watu sita, mafuta ya watu sita. Akizaliwa mmoja, inabidi aandikishwe ndipo naye apimiwe. Akifa mmoja, anaondolewa, na kopo lake linaondoka naye. Mwanzoni niliona ni fedheha, watu kuhesabiwa kama mbuzi. Siku hizi naona kwamba kadi ilisema wazi jambo ambalo mama alikuwa analijua tangu zamani. Ghala letu la Fizi halikuandikwa majina, kwa hiyo baba aliona ni lake. Lakini majina yalikuwepo. Kila kopo lilikuwa la mtu. Mama aliyasoma kila jioni alipokuwa akigawa sahani, na jina lake mwenyewe alilisoma la mwisho.

Hapa kambini ukimpa jirani kopo la unga, hakuna kujidanganya. Unajua ni unga wa nani. Miaka ambayo mgao ulipunguzwa, swali hili liliingia kila nyumba. Anakuja mtu ambaye ameingia jana, hajaandikishwa, ana watoto. Utamfungia mlango? Hatukufunga. Lakini tulijua kabisa kwamba mmoja wetu usiku huo anakula pungufu, na swali lilikuwa ni nani, na kama amekubali.

Wengine watasema: ukianza kuitisha kikao kila mwenye njaa anapobisha hodi, hutatoa kamwe. Mwenye njaa hangoji kikao. Ni kweli, na jibu nililipata kwa kumtazama baba katika miaka yake ya mwisho. Akija mtu wa ghafla, baba hakugusa sufuria. Aligusa sahani yake mwenyewe. Alikata ugali wake katikati, akasema, "Mimi nimeshiba." Uongo huo tulimwachia. Kwa hiyo kuna milango miwili. Kilicho kwenye sahani yako, toa hata bila kuuliza mtu, hata usiku wa manane. Kilicho kwenye chungu cha wote, ita wenyewe kwanza. Na kama unaona uvivu kuwaita, au unaogopa watakachosema, basi ujue huo ukarimu unataka kuufanya kwa mkono wa mtu mwingine.

*

Ningependa kusema kwamba mimi, mtoto wa nyumba hiyo, sikurudia kosa. Nililirudia.

Kiangazi kimoja, si zamani, nilichaguliwa kuwa mkulima wa mfano kwenye mradi wa bustani za magunia. Wengi mnazijua: unajaza gunia udongo na mbolea, katikati unaweka nguzo ya mawe ili maji yashuke mpaka chini, unatoboa ubavuni na kupanda miche kuzunguka. Gunia moja linalisha mboga nyumba nzima ukilitunza. Mimi nilikuwa na magunia manne na kitalu cha miche. Kwenye mkutano nilisimama mbele ya watu nikaahidi kwamba nitawapa miche nyumba kumi. Watu wakapiga makofi. Mtumishi wa shirika akaandika jina langu. Nilirudi nyumbani nikitembea kama baba siku ile na kopo.

Sasa, miche ya kiangazi inataka maji asubuhi na jioni. Maji yako bombani, na bombani kuna foleni. Aliyekwenda bombani ni binti yangu wa miaka kumi na mmoja, madumu mawili ya lita kumi, asubuhi kabla ya shule na jioni baada ya shule. Sikumtuma kwa ukali. Sikumtuma kabisa, nadhani. Nilisema tu, "Miche isikauke," na mtoto mwenye akili anaelewa.

Wiki ya tatu mwalimu wake alinikuta njiani akaniambia amechelewa siku tisa, na siku mbili hakufika. Nilisimama pale nikasikia sauti ya mama kabisa, kana kwamba yuko nyuma yangu: mbegu ulitoa weye.

Jioni hiyo nikafanya kama baba alivyofanya baada ya ugonjwa wa mdogo wangu. Maana hilo sijawaambia bado. Septemba ya mwaka ule ule, baba alishusha mbegu kidogo iliyobaki, akaiweka katikati ya nyumba, akamwita mama, akamwita bibi, akatuita hata sisi watoto. Akasema neno moja: "Semeni." Na toka siku hiyo mpaka anakufa, mbegu haikutoka kwenye nyumba yetu bila watu kukaa.

Basi nami nikaita nyumba yangu. Mke wangu alisema mambo ambayo alikuwa ameyanyamazia. Binti yangu hakusema, alitazama chini, mpaka mama yake alipomwambia sema. Akasema, "Mimi napenda bustani, lakini sipendi kufika shuleni wengine wameshakaa." Tukapunguza nyumba kumi zikawa tano. Na tukaweka sharti dogo: anayekuja kuchukua miche aje na dumu moja la maji. Unajua nini? Hakuna aliyekasirika. Watu waliona haya kidogo, hata wao walikuwa hawajafikiri maji yanatoka wapi.

Kwa hiyo ninyi watumishi wa mashirika, wadogo zetu na kaka zetu na dada zetu mnaokuja na daftari, naomba neno langu mlipokee kwa upole. Mnapotafuta mtu wa kujitolea, kiongozi wa klasta, mhamasishaji, mkulima wa mfano, mnampata haraka, maana watu wetu hawapendi kukataa mbele ya mkutano. Lakini mtu huyo hajasimama peke yake. Nyuma yake kuna anayechota maji, anayebaki na mtoto mgonjwa, anayekula baadaye. Kabla ya kuandika jina, ulizeni swali moja tu: nyumbani wanasemaje? Na sisi viongozi wa huku, tunaopenda kusema "jamii yetu iko tayari", tujiulize ni nani hasa yuko tayari, na kama tumemuuliza akiwa na nafasi ya kusema hapana.

Hiyo nafasi ya kusema hapana ndiyo kazi yenyewe. Maana unaweza kuita kikao, ukaweka mbegu katikati, ukasema semeni, na kila mtu akajua jibu linalotakiwa. Hapo umeuliza, lakini hukuuliza. Baba alipimwa siku ambayo mama alimkatalia.

Ilikuwa mwaka 1995, mwaka mmoja baada ya mafuriko. Alikuja mtu wa ukoo wetu, mwenye heshima, akaomba mbegu. Baba alitaka kumpa, ilionekana usoni. Wakakaa, na mama akasema hapana, mwaka huu hapana. Baba akatoka nje kwa yule mgeni. Sisi watoto tukasogea mlangoni kusikia. Mnajua mwanaume wa kwetu angeweza kusema nini: "Mke wangu amekataa." Aibu ingemwendea mama, na ukoo mzima ungemsema mpaka kesho. Baba alisema, "Ndugu yangu, hatuna." Yule mtu akamtazama juu mpaka chini, akajua mbegu zipo, akaenda akamsema baba kijiji kizima kwamba amekuwa mchoyo. Baba hakujitetea hata siku moja.

Mazishini hakuna aliyeisimulia hiyo, kwa sababu aliyeijua ni mama na sisi tu. Watu walisifu makopo aliyotoa. Mimi sasa naona kwamba siku aliyofanana zaidi na sifa zile ni siku ambayo hakutoa kitu, akaenda kubeba jina la uchoyo yeye mwenyewe ili lisimwangukie mtu mwingine. Alichotoa siku hiyo kilikuwa chake kabisa. Hakuna mtoto aliyelipa.

*

Baba aliacha chupa moja ya plastiki, imejaa maharage na majivu, imefungwa kwa nguvu. Tuliipata chini ya kitanda. Mvua zilipokaribia, mama alituita. Mimi na mke wangu, mdogo wangu na mume wake, na watoto wote, hata yule mdogo anayetambaa. Akamimina maharage kwenye ungo, akapepeta majivu, akauweka ungo katikati yetu. Jirani mmoja, mjane, alikuwa ameomba.

Nilidhani mama atasema kitu kuhusu baba. Hakusema. Alikunja mikono juu ya mapaja, akatuangalia mmoja mmoja mpaka akafika kwa binti yangu.

"Haya," akasema. "Anzia wewe."